Mama Dorca na Maswali ya Mwaka

Lorine alikuwa ameolewa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo mama mkwe wake hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alimwita nyar Seme, yaani binti wa Seme, alikozaliwa, na kwa jinsi alivyolitamka ungedhani Seme ni ugonjwa wa kuku. Hawakuwa na ugomvi. Mama Dorca alikaa kwake Asembo na kuku wake na kanisa lake. Lorine alikaa Manyatta, Kisumu, na mumewe Joram, fundi wa kuchomelea mageti. Walionana Krismasi na kwenye mazishi, wakasalimiana kwa adabu, basi.

Kisha mwezi wa Oktoba mwaka wa 2022 Mama Dorca akatolewa mtoto wa jicho. Daktari akasema abaki mjini wiki nane, asiiname, asipike, asikaribie moshi. Joram akamleta nyumbani kwa tuktuk, jicho la kushoto limefunikwa pamba, mkoba wa nguo begani, na kifuani amekumbatia kiredio kilichofungwa kwa mpira, antena yake ni waya wa mwavuli.

Kiredio hicho kiliamka saa kumi na moja alfajiri na hakikulala mpaka mwenyewe alale. Mama Dorca hakutaka nyimbo. Alitaka habari: za saa, za nusu saa, za michezo, za hali ya hewa, na hasa matangazo ya vifo. Mtu yeyote aliyefariki kati ya Busia na Migori, Mama Dorca aliweza kukwambia alikuwa wa ukoo gani, alisoma wapi, na ni nani angegombania kipaza sauti siku ya kumzika.

Lorine naye habari alizipata kwa njia yake. Alikuwa na kibanda cha samaki wa kukaanga pale Kibuye, na samaki wake aliwafungia kwenye magazeti ya zamani. Magazeti hayo aliyanunua kwa kilo kutoka kwa Obeid, mzee wa Kaloleni aliyeuza magazeti mapya asubuhi na ya zamani jioni. Hakuna karatasi iliyofunga samaki kabla Lorine hajaisoma. Wateja walimzoea. Walisimama na njaa zao, samaki mbuta akitiririka mafuta kwenye kijiko, huku yeye amekunja uso juu ya ukurasa wa michezo.

"Mama, nipe samaki wangu."

"Ngoja nimalize aya hii."

Kwa hiyo jioni, watu hawa wawili walipokutana mezani, kila mmoja alikuwa amebeba nchi nzima kichwani. Moto uliwaka siku ya tatu tu.

"Yule kijana wetu wa marathoni, kule Berlin," alisema Mama Dorca akichovya ugali, "alivunja rekodi yake mwenyewe kwa sekunde thelathini."

"Si kweli, Mama," alisema Lorine. "Nusu dakika. Nimesoma kwa macho yangu."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Sekunde thelathini."

"Nusu dakika!"

"Lakini sekunde thelathini ni nusu da..." alianza Joram.

"Nyamaza!" wakamwambia wote wawili, kwa sauti moja.

Ikawa hivyo kila jioni. Walibishania ukame wa kaskazini, walibishania foleni za petroli za mwezi wa Aprili, walibishania mtihani wa watoto wa darasa la sita, nani alitangulia kusema nini na alikuwa amevaa koti gani. Joram alianza kubaki kazini hadi usiku kwa hiari yake. Hatimaye, mwishoni mwa Novemba, alirudi nyumbani akiwa na tabasamu la mtu aliyefanya jambo na tayari anatafuta mlango wa kutokea.

"Nimewaandikisha," alisema.

"Kwa nini?" aliuliza mama yake.

Redio Upepo, kituo kidogo cha mjini, ilikuwa imetangaza shindano la kufunga mwaka. Liliitwa *Kenya Mwaka Huu: Watu na Matukio*. Walitakiwa watu wawili wawili wanaoishi nyumba moja, wajibu maswali juu ya mambo yaliyotokea nchini tangu Januari, mbele ya watu, ukumbini, hewani moja kwa moja. Zawadi ilikuwa friji. Siasa ya nani alishinda na nani aliibiwa haingeulizwa kabisa, kwa sababu viti vya ukumbi vilikuwa vimeazimwa kanisani, na mchungaji alitaka virudi na miguu yote minne.

"Mimi na yeye?" Mama Dorca alinyoosha kidole kwa Lorine kama anayeonyesha shimo barabarani.

"Nyinyi mnabishana bure kila siku," alisema Joram. "Si afadhali mbishanie friji?"

Lorine alitaka kukataa. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini aliliona friji lile akilini, refu, jeupe, na samaki wake wamelala ndani hadi kesho bila kuharibika, na mdomo ukajifunga wenyewe. Alipogeuka, aliona jicho moja la mama mkwe linamtazama. Naye alikuwa anafikiria friji.

Wakaanza mazoezi jioni ile ile. Mama Dorca hakuweza kusoma kwa sababu ya jicho, hivyo Lorine alimsomea. Alitandika magazeti ya Obeid sakafuni mwezi kwa mwezi, Januari kuanzia mlangoni, Novemba ikaishia chini ya kitanda, na Joram akawa anapita nyumbani mwake kwa kunyata. Shida ikawa moja. Magazeti ya zamani hayakuwa kamili. Habari ilianza ukurasa wa kwanza, ikakuelekeza ukurasa wa saba, na ukurasa wa saba ulikuwa umeshaondoka na samaki wa mtu, ngege wa kukaanga.

"Hii sijui iliishaje," alisema Lorine usiku wa pili, akiinua ukurasa wenye doa la mafuta. "Ya mwezi wa Mei. Kule Meru watu waliona simba kwenye ua wa boma. Wakapiga simu, askari wa wanyamapori wakaja na bunduki. Wakanyatia. Wakafika karibu na ua..." Akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na tangazo la mbolea. "Miezi sita nimekaa na simba huyu. Alikula mtu?"

Mama Dorca aliweka kikombe chini polepole. Mabega yake yalianza kutikisika.

"Ulikuwa mfuko," alisema.

"Mfuko gani?"

"Mfuko wa kununulia vitu! Wa dukani! Umechorwa simba! Mama mmoja aliutia miche ya miti akauweka kwenye ua isikauke!"

Lorine alimtazama. Aliwafikiria wale askari, vidole kwenye bunduki, wakivamia mfuko wa miche. Sauti iliyomtoka hakuwahi kuisikia mwilini mwake. Alianguka ubavu juu ya mwezi wa Februari. Mama Dorca alikuwa anapiga paja, machozi yanateremka kutoka jicho zima na kutoka jicho la pamba, na daktari alikuwa amemkataza kabisa kulia. Joram alikuja mbio akidhani mtu ameungua.

"Kuna nini?"

"Simba!" alisema mama yake, na hakuweza kuendelea.

Tangu siku hiyo Lorine aliharakisha kufunga kibanda. Yeye aliileta mianzo, Mama Dorca akaileta miisho. Ajabu ni kwamba, ikiunganishwa, ilitoka habari nzima kabisa.

Siku ya shindano ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi Desemba. Ile pamba ilikuwa imeshatolewa na daktari akampa Mama Dorca miwani myeusi, mikubwa, ya kuzuia mwanga. Alivaa gauni lake la kijani la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na ile miwani, akapanda jukwaani kama mtu aliyezoea kupigwa picha. Ukumbi ulipiga miluzi.

"Wananijua?" alinong'ona.

"Bado, Mama," alisema Lorine. Nusu ya Kibuye ilikuwa imekuja: wauza mitumba, wauza omena, wale dagaa wa ziwani, na yule mteja wake wa mbuta, amekaa mstari wa mbele, hana samaki wala haraka.

Walitakiwa kuanza saa kumi. Saa kumi stima ikapotea, taa zikazimika. Ilirudi saa kumi na moja na nusu, vipaza sauti vikalia kama mbuzi, na mtangazaji akaruka jukwaani na suti ya rangi ya machungwa. Jina lake lilikuwa Griffins, na alikuwa na kile kipaji cha watangazaji cha kufurahia kila kitu kwa kiwango kimoja.

Jozi zilikuwa sita. Raundi ya kwanza ikaondoa mbili. Raundi ya pili ikawaondoa mume na mke kutoka Obunga waliokosana hadharani juu ya tarehe ya mbio za magari za Naivasha, na ndugu wawili pacha ambao kila mmoja alimwachia mwenzake ajibu. Wakabaki Lorine na Mama Dorca upande huu, na upande ule, Lorine alipotazama vizuri, Mzee Obeid na binti yake Amirah, aliyemaliza kidato cha nne.

"Lorine!" Obeid alimpungia mkono. "Kumbe unayasoma? Mimi nilidhani unafungia samaki!"

"Nafanya yote, Mzee."

"Basi leo tumekwisha, Amirah. Huyu nimemuuzia silaha mimi mwenyewe."

Raundi ya mwisho ilikuwa na maswali manne kwa kila jozi. Obeid na binti yake walikwenda kwanza. Amirah alikuwa mwepesi kama cherehani. Alijua matokeo, alijua majina, alijua tarehe. Alikosa swali moja tu. Tatu kati ya nne.

Griffins akageukia upande wa pili.

"Mama zetu! Swali la kwanza. Mwaka huu Kisumu yetu ilipokea wageni wa bara zima, mkutano mkubwa wa miji ya Afrika. Ulikuwa mwezi gani?"

"Mei," alisema Lorine, na moyo wake ukatulia kidogo. Hilo hakulisoma popote. Lilikuwa limekuja mpaka kibandani kwake: wanaume wawili wenye vitambulisho shingoni, wakiongea Kifaransa, waliokula ngege watatu na kuomba vichwa vya wengine.

"Sahihi! La pili. Mwezi wa Aprili Mkenya mmoja alishinda mbio za marathoni za wanawake kule Boston. Nani?"

"Perez wetu!" Mama Dorca alisema kabla hajamaliza.

"Nahitaji jina kamili, Mama."

"Perez. Ni mtoto wa huku. Perez ni jina letu, hata dada yangu ni Perez."

"Peres Jepchirchir," Lorine aliongeza haraka.

Mama Dorca alimgeukia, miwani ikiteleza puani. "Jepchirchir? Hilo si jina la huku. Basi aliolewa huko kwao."

"Mama, amezaliwa huko!"

"Na hilo Perez alilitoa wapi? Alichukua kwetu!"

Ukumbi ulilipuka. Griffins alikuwa amejipinda, ameshika magoti. "Sahihi," alisema alipoweza. "Sahihi, hata kama ameliazima. La tatu! Katika uchaguzi wa Agosti, tuache mambo mengine yote tafadhali, wanawake wangapi walichaguliwa kuwa magavana?"

Lorine alilijua hili. Aliliona lile gazeti, picha za akina mama zimepangwa kama sahani kabatini. Alianza kuzihesabu kichwani ili awe na uhakika: moja, Homa Bay, mbili...

"Wanane!" alipaza sauti Mama Dorca.

Kengele ya kukosa ikalia.

"Ni saba, Mama," alisema Griffins kwa masikitiko makubwa.

"Haiwezekani. Nilihesabu." Na hapo, mbele ya kipaza sauti, huku Kaunti nzima ya Kisumu ikisikiliza, Mama Dorca alianza kukunja vidole. Alitaja wa Homa Bay, wa Kwale, wa Machakos, wa Nakuru, wa Kirinyaga, wa Embu, wa Meru. "Na Mama Elsie."

"Mama Elsie ni gavana wa wapi?"

"Mke wa askofu wetu. Asembo."

"Huyo alichaguliwa lini?"

"Hakuchaguliwa. Lakini anatutawala miaka kumi na mbili."

Lorine alihisi kile kitu kikipanda kutoka tumboni, kile cha usiku wa simba. Alijibana. Aliuma mdomo, aliangalia dari, alifikiria friji likiondoka na Amirah. Haikusaidia. Kilimtoka kupitia puani, na kikamtoka hewani. Mama Dorca alimkazia macho kwa sekunde mbili nzima, sura ya mwamuzi wa mpira, kisha naye mabega yakaanza. Wakashikana mikono wasianguke. Yule mteja wa mbuta alikuwa anagaragara. Obeid, mpinzani wao, alivua kofia akajifuta macho nayo.

"Tuendelee," Griffins aliomba. "Tafadhali, mama zangu, tuendelee, muda wa hewani. Swali la nne. Mwezi wa Mei, kule Meru, askari wa wanyamapori waliitwa..."

Hakumaliza. Mama Dorca alikuwa ameshatoka kitini. Alinyatia. Alishika bunduki isiyokuwepo, akainamisha kichwa, akazunguka meza ya mtangazaji hatua kwa hatua, miwani myeusi ikimeta. Alifika kwenye mkoba wake wa mkononi, uliokuwa sakafuni. Aliuinua kwa vidole viwili.

"Mfuko," alisema.

Kicheko kililipuka, na dakika nzima hakuna aliyesikika. Waliosikiliza redioni walisema baadaye kwamba walidhani paa limeng'oka.

Tatu kwa tatu. Griffins alitoa bahasha ya swali la kuamua. Jozi yoyote ingeruhusiwa kugonga meza na kujibu; ukigonga, una sekunde kumi, na ukikosa, wengine wamechukua.

"Mwezi wa Agosti kijana wetu alishinda dhahabu ya mita mia moja kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kabla yake, Mkenya mwingine alikuwa ameishinda dhahabu hiyo hiyo. Kati ya ushindi ule na huu, imepita miaka mingapi?"

Amirah alimtazama baba yake, baba akatazama dari. Lorine aliliona gazeti. Aliiona picha, kijana amepanua mikono na bendera begani. Chini yake maneno yalianza vizuri: *Kwa mara ya kwanza tangu...* Na hapo karatasi ilikunjwa, na kwenye mkunjo kulikuwa na mafuta, na kilichobaki alikuwa amekifungia mtu mkia wa mbuta.

Kishindo kikasikika. Mama Dorca alikuwa amegonga meza kwa ngumi.

"Mama!" alinong'ona Lorine. "Unajua?"

"Namjua huyo mtu!" alisema Mama Dorca, uso wote umefunguka. "Yule wa kwanza. Wa Mombasa. Mwalimu wetu alituambia habari zake paredi, akatutoa nje tukimbie kama yeye. Pekupeku! Mimi nilikuwa wa pili, na wa kwanza alidanganya, alipita shambani..."

"Kumi," Griffins alihesabu. "Tisa. Nane."

"Mama, mwaka gani?"

"Nilikuwa na gauni la bluu. Dada yangu Perez ndiye alilishona..."

"Saba. Sita."

"Mwaka, Mama! Mwaka!"

"Sikumbuki namba, nyathina, mwanangu, namba zinanikimbia! Ziwa lilikuwa limejaa. Mvua ile kubwa. Maji yalikuwa yamefika mpaka mlangoni kwa baba yangu, tukawa tunavua samaki jikoni..."

"Tano. Nne."

Lorine alimshika mabega. "Uhuru ulikuwa umekuja?"

"Bado! Uhuru tulicheza mwaka uliofuata, nikiwa na gauni lile lile!"

"Tatu."

Uhuru sitini na tatu. Mwaka mmoja nyuma, sitini na mbili. Na sasa ni elfu mbili ishirini na mbili. Lorine, ambaye kila siku alikokotoa chenji akiwa ameshika samaki wa moto, hakuwahi kukokotoa kwa kasi hiyo.

"Mbili..."

"Sitini!" alipiga kelele. "Miaka sitini!"

Griffins alifungua karatasi. Aliisoma. Aliisoma tena, na kwa mara ya kwanza jioni ile alisahau kutumia sauti yake ya redio.

"Yawa," alisema. "Ni sitini."

Kilichofuata Lorine alikikumbuka vipande vipande. Joram aliruka jukwaani, akateleza, akapanda tena. Obeid alimkumbatia Mama Dorca, akakumbuka ni mama wa watu, akamwachia, kisha akamkumbatia tena. Amirah alikuwa anapiga makofi juu ya kiti cha kanisa, na mchungaji akimwomba ashuke. Mtu alimpa Lorine soda, mwingine akainywa.

Griffins alimsogezea Mama Dorca kipaza sauti. "Mama, waambie wasikilizaji. Huyu mwenzako ni nani kwako?"

Lorine alijiandaa kusikia nyar Seme.

Mama Dorca alinyoosha kitambaa cha kichwani. "Huyu ni Lorine," alisema. "Mke wa mtoto wangu. Nilimchagua mimi mwenyewe."

Nyuma yao Joram alipaliwa. Alikohoa mpaka watu wakampiga mgongoni. Kwa sababu ukweli, na watu watatu pale jukwaani waliujua, ni kwamba miaka kumi na tisa iliyopita Mama Dorca alikuwa amejifungia ndani siku mbili na kusema hatatoka mpaka binti wa Seme arudishwe alikotoka.

Lorine alimwangalia mama mkwe wake. Ile miwani haikuonyesha chochote. Lakini chini ya meza, mkono mkavu, wenye nguvu, ulikuwa umeshika wake na haukuwa na haraka ya kuuachia.

"Ni kweli," Lorine alikiambia kipaza sauti. "Alinichagua. Alinipenda siku ile ile ya kwanza."

Friji lilikuwa refu kuliko Joram. Walilisimamisha nyuma ya pikapu ya kukodi, likafungwa kwa kamba, na Mama Dorca akakataa katakata kukaa mbele na dereva. Wakampandishia kiti nyuma, kando ya friji, Lorine na Joram wakamshikilia huku na huku. Ilikuwa yapata saa mbili walipoondoka mjini. Barabara ilikuwa tupu kwa namna ya ajabu, na kwenye kila hoteli watu walikuwa wamejazana wakiangalia ndani, migongo nje.

"Mji umelala mapema," alisema Mama Dorca, na sauti yake ilikuwa na masikitiko kidogo.

Walikuwa wanakaribia Kondele dunia ilipopasuka.

Watu walimwagika kutoka kila mlango. Walitoka hotelini, kwenye vinyozi, kwenye baa, juu ya daraja na chini yake, wakipiga mabati, wakipuliza vuvuzela, bodaboda zikilia honi kwa pamoja. Kijana mmoja alikuwa amevua shati analizungusha hewani. Mwanamke mmoja alipiga magoti katikati ya lami na kuinua mikono mbinguni. Pikapu ikazingirwa na ikabidi iende mwendo wa kinyonga, na watu waliokuwa wanaruka walipomwona bibi mwenye miwani myeusi amekaa kando ya friji, wakamshangilia kwa nguvu zaidi, kwa sababu usiku ule walikuwa tayari kushangilia hata nguzo ya stima.

Joram alielewa kabla ya wengine. Kombe la Dunia. Moroko walikuwa wanacheza na Ureno jioni hiyo, na ukumbini hakuna aliyekumbuka; sasa walikuwa wameshinda, Waafrika wa kwanza kufika nusu fainali.

Mama Dorca alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akisimama. Mkono mmoja ulishika friji, mwingine ulipunga, polepole, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayebariki shamba. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Lorine," alisema, "kwani wote hawa walikuwa wanasikiliza redio?"

Joram alifungua mdomo. "Mama, hawa ni Mo..."

Lorine alimkanyaga mguu. Alimkanyaga kwa kisigino, kwa uzito wake wote, na hakutoa.

"Wote, Mama," alisema. "Hakuna aliyelala."

"Yawa, yawa, yawa." Mama Dorca alitikisa kichwa. Kijana wa shati alikuwa amefika kando ya pikapu na akapiga kelele, "Afrika! Tumeweza!" na Mama Dorca akainama, ingawa daktari alimkataza, akampa mkono. "Asante, baba. Tumeweza. Lilikuwa swali gumu."

"Gumu sana, Mama!" alisema kijana, ambaye hakujua lolote wala hakujali, na akaubusu mkono ule.

Lorine alikuwa anacheka tena, ameegemea friji, mbavu zinauma. Vuvuzela zilimzunguka. Mtu asiyemjua alimrushia bendera ndogo, akaidaka, na mkono wake ukaanza kupunga wenyewe, kulia, kushoto, kwa mwendo ule ule wa mama mkwe wake. Walikuwa wamefika kwenye mzunguko wa Kondele, na njia ya Manyatta ilikuwa mkono wa kulia. Dereva akawasha taa ya kukata kona.

Mama Dorca aligonga paa la pikapu kwa ngumi.

"Usikate kona," alisema. "Zunguka tena."

Dereva akatoa kichwa dirishani, akamtazama Joram. Joram, mguu bado umekanyagwa, akatikisa kichwa kukubali. Pikapu ikazunguka. Walipomaliza, Mama Dorca aligonga tena, na mara ya tatu hakuhitaji kugonga.